Risasi Nyepesi za Mama Manjit

Manjit alinipigia simu asubuhi nikiwa nasukuma chapati, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokota jikoni kwa mama yake, "Mama Rukia, Mama ametuacha. Amelala tu, hakuamka." Sikulia papo hapo. Nilimaliza kusukuma lile donge lililokuwa chini ya kifimbo, nikaichoma ile chapati, nikaila nikiwa nimesimama, ndipo nikakaa nikalia sawasawa. Marehemu mwenyewe angenielewa. Alikuwa mwanamke wa kumaliza kilicho mkononi kwanza. Siku ya mazishi mjukuu wangu mkubwa ndiye aliyeniendesha. Anasomea uhandisi, mrefu, mwenye adabu, na nasema haya kwa sababu ni kweli na kwa sababu nataka mjue. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha hapa Birmingham, huyu bibi wa Kisikh alikuwa nani kwangu. Nikamwambia, alikuwa mwenzangu wa baruti. Akacheka hadi nusura apite taa nyekundu. Alidhani bibi yake anatania. Basi nimekaa niandike, maana naona nikifa nami, wajukuu watabaki wanajua kwamba bibi alipika vizuri, na hicho tu.

Nitaandika habari za mwaka mmoja, 2004. Nani alimzaa nani huko kwetu na nani alimnyima nani shamba, hayo wataandika wengine wenye nyongo. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo mkiona sentensi inachechemea, ipisheni ipite. Watu husema mtu huundwa utotoni. Mimi niliundwa mara ya pili nikiwa nimeshavuka arobaini, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya watu huko Kings Heath, nimekaa kwenye stuli, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Wanaonijua watashangaa hapo kwenye mdomo.

Mwaka ulianza na barafu. Mama Manjit, mjane wa miaka sabini na kitu, alitoka kuchukua maziwa mlangoni, akateleza, akavunjika mfupa wa bega. Mimi wakati huo nilikuwa nakaa Ladywood, ghorofa ya juu ambako lifti ilikuwa na harufu yake isiyoelezeka, na kazi yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani. Wenye kazi wakanipeleka kwake, wakaniambia ni mama wa Kisikh aliyetoka Nakuru. Nilimkuta kwenye kiti cha sebuleni, mkono umefungwa kifuani, shali ya rangi ya damu ya mzee, na macho yaliyokuwa hayana ugonjwa wowote. Hakunisalimu. Alisema kwa Kiswahili, "Ayah, lete chai."

"Ayah alibaki Nakuru," nikamjibu. "Hapa kuna Mama Rukia. Chai nakuletea, lakini umeita jina la mtu mwingine."

Akanitazama kutoka kwenye viatu kupanda juu. "Wewe natoka wapi, na mdomo kama hiyo?"

"Voi."

"Voi! Treni ilikuwa nasimama huko. Sisi nanunua mayai ya kuchemsha dirishani. Siku zote mayai baridi."

"Yalipoa mkivutana bei."

Alicheka, kisha akashika bega akalia, kisha akacheka tena huku analia. Kuanzia siku hiyo aliniita Mama Rukia na mimi nikamwita Mama Manjit kwa jina la mwanawe, na habari ya ayah haikurudi. Tulikuwa tukila pamoja jikoni. Yeye dengu na mimi sukuma wiki, halafu tukavunja mpaka, tukala ugali kwa dengu, ambao aliupika mwenyewe kwa mkono mmoja akiniamuru mimi nishike sufuria. Alisema wanawe waliokulia hapa hawajui ugali, wanaula kama watu wanaokula adhabu.

Chumba cha nyuma sikukiona hadi baridi ilipopungua. Nilidhani ni stoo. Siku hiyo mkono ulikuwa umeshafunguliwa, akaniambia nimfuate, akasukuma mlango. Kulikuwa na meza nzito iliyopigiliwa ukutani, mtambo mdogo wa chuma wenye wenzo wa kuvuta chini, mizani ndogo kama ya sonara, na ubao wenye matundu kama ule wa kuwekea mayai, ila matundu membamba. Ukutani picha ya marehemu mumewe, kilemba cheupe, kashika bunduki. Na kwenye kona, kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti. Nikauliza, "Hili ni duka la fundi gani?" Akasema, "Hii ni maneno ya mume yangu na mimi. Yeye napiga, mimi napiga. Nakuru, halafu hapa." Mwanamke huyo, niliyekuwa namfungia vifungo vya gauni, alikuwa mpiga shabaha. Alikuwa na kibali cha polisi, alikuwa mwanachama wa klabu nje ya mji, na kwenye lile kabati kulikuwa na bunduki ya zamani ya boliti, yaani komeo la chuma unalovuta nyuma kutia risasi, kitako cha mti, ambayo mumewe aliinunua walipohamia huku na akamwachia.

Tatizo lilikuwa bega. Risasi ya kawaida ya bunduki ile hurudisha pigo kama teke la punda, na daktari alishamwambia mfupa ule ukipigwa tena hautaungana vizuri. Dukani hawakuwa na risasi za pole za bunduki ya aina ile. Basi kuna watu, na yeye alikuwa mmoja wao, wanaojitengenezea. Unachukua ganda la shaba lililokwisha kupigwa, unalisafisha, unalirudisha umbo kwa ule mtambo, unatia fataki mpya, kile kidude cha kuwashia baruti, kitakoni, unapima baruti kidogo kuliko ya kawaida, unafunga juu na kichwa cha risasi cha madini laini. Inatoka risasi nyepesi. Inafika kwenye shabaha, inatoboa karatasi, na bega linasukumwa tu, kama mtu anayekuomba umpishe kwenye foleni.

Nilidhani kidogo maana yake ni salama. Hapo ndipo aliponikalisha chini. "Kidogo ni hatari yake ingine," akasema. Kwanza, mtu habuni kipimo. Kuna vitabu vya watu wanaotengeneza baruti wenyewe, wameshajaribu kwa mashine, na kitabu kikisema mwisho wa kushuka ni hapa, hushuki hata chembe. Ukipunguza kwa kichwa chako, kuna baruti ambazo zikiwa chache mno hukasirika badala ya kutulia, na kuna risasi ambayo hukosa nguvu ikakwama katikati ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, bunduki inapasuka usoni pako. Pili, na hili ndilo lililokuwa likimtoa jasho, baruti kidogo inajificha. Ganda ni refu na jembamba. Kipimo kimoja kinakaa chini kabisa kama tone la wanja. Ukisahau ukatia mara mbili, ganda bado halijafika hata nusu, na ukichungulia haraka unaona giza tu, giza la kimoja na giza la viwili yakifanana.

Kwa hiyo palikuwa na sheria za meza. Kopo moja tu la baruti mezani, mengine kabatini. Maganda yote yanasimama kichwa chini kwenye ubao. Linainuliwa moja, linatiwa, linasimamishwa wima kwenye tundu lingine. Mwisho tochi inapita juu ya yote. Redio imezimwa. Na hakuna kuongea. Sheria ya nchi ilinikataza mimi kushika risasi kwa kuwa sina kibali, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa macho. Mikono yake, macho manne. Mara ya kwanza nilivumilia kimya hadi ganda la tatu, nikasema, "Mama Manjit, ile dengu nimeizima?" Akaweka kijiko chini, akamwaga kila ganda alilokwishatia, akarudisha koponi, akaanza upya. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Mara ya pili nikafunga mdomo, na nikagundua kitu ambacho sijakwambieni: sikuwahi maishani mwangu kukaa mahali nikawa kimya na nisiwe na huzuni. Pale nilikuwa kimya na nilikuwa mzima. Nje watoto wa jirani wanapiga mpira ukutani, ndani kijiko kinagusa mdomo wa ganda, ting, na tunaendelea.

Manjit, mwanawe, hakupenda. Alikuwa mtu mwema, kazi yake kufundisha watu kuendesha gari, na ile kazi ilikuwa imemfundisha kuona ajali kabla haijafika. Siku moja nilikuwa jikoni naosha vyombo, yeye na mkewe wakiwa kwenye korido wanaongea Kiingereza wakidhani mimi sikijui. Nilikuwa nakijua cha kutosha. Mkewe akasema mama ana miaka mingi, mkono unatetemeka, ile bunduki iuzwe. Manjit akasema atazungumza naye. Akaingia jikoni, akavuta kiti, mimi nikaendelea kusugua sufuria ileile.

"Mama," akasema, na Kiswahili walikitumia wawili hao wakitaka mkewe asielewe, "kwa gari yangu mimi niko na breki yangu. Mwanafunzi akikosa, mimi nakanyaga. Kwa ile meza yako, breki iko wapi?"

"Breki iko hapa," akasema mama yake, akagonga kichwa.

"Hiyo ni yako. Nauliza ya pili."

"Ya pili ni Mama Rukia."

Manjit akanigeukia. Nikamwambia, "Mimi sikanyagi, baba, mimi natazama tu." Hakucheka. Mwishowe wakakubaliana mbele yangu. Mwezi wa kumi klabu ina siku ya bunduki za zamani, ya kufunga msimu. Mama atapiga siku hiyo na yeye Manjit atakuja kutazama. Akipiga vizuri bila kuumia na bila kosa, bunduki inabaki na hakuna atakayelizungumza tena. "Lakini kosa moja, Mama. Si mbili. Moja, na inaenda." Mama Manjit akampa mkono kama watu wanaouziana ng'ombe. Nilimwona alivyoushikilia. Yule mwanamke alishampoteza mume, alishahama nchi, meno yake nusu hayakuwa yake. Kile chumba cha nyuma ndicho mahali pekee alipokuwa bado anauuliza mwili wake, unaweza?, na mwili ukijibu naweza. Nilijua akinyang'anywa hicho atakaa kwenye kile kiti cha sebuleni hadi aishe.

Kiangazi kile tulikwenda uwanja wa shabaha mara nyingi, tukiendeshwa na mzee mmoja wa klabu asiyeongea. Mimi nilikaa nyuma kwenye benchi, vizibo masikioni, na kikapu cha sambusa ambazo Waingereza wa pale walianza kuziulizia kwa jina. Nilijifunza kumtambua kwa sauti. Wenzake walipiga, ngurumo ikakupiga kifuani. Yeye akipiga, ilikuwa kama mtu anayepiga mto wa kulalia, puh. Na akisikia puh iliyo dhaifu kidogo kuliko nyingine, alisimama hapohapo, akanyoosha mkono juu, akafungua boliti, akangoja waruhusu, akachungulia mtutu hadi aone mwanga upande wa pili. Vijana walikuwa wakingoja. Yeye hakuona haya kungojewa.

Basi likaja lile la hodi. Ilikuwa siku chache kabla ya mashindano, mchana, na alikuwa anatengeneza zile atakazopiga siku yenyewe. Kopo la mezani lilikuwa la marehemu mumewe, lililobaki robo. Ilikuwa baruti nzuri, imo kitabuni, lakini nyembamba na nzito, ile inayojificha vibaya zaidi. Zilikuwapo nyingine, na yeye alijua. Lakini alitaka siku ya mashindano apige ya mumewe na kopo liishe hivyo. Hakuniambia kwa maneno; nilimwona anavyolifuta vumbi. Tumefika katikati ya ubao, kijiko mkononi, mlango wa nyuma ukasukumwa na sauti ikaingia kabla ya mtu: "Hodi hodi, wenyewe!"

Alikuwa Mzee Abdi, Msomali wa Isiolo aliyekaa nyumba ya tatu, kaleta anjera ya mkewe, ule mkate wao laini kama chapati ya maji. Mwingereza angesema sori, subiri. Lakini sisi watatu tulilelewa kule ambako hodi ikipigwa ukanyamaza, ni kama umemfungia mtu mlango usoni. Mama Manjit aliyekuwa amenyamaza mbele ya mwanawe, mbele ya daktari na mbele ya simu, mdomo ulimfunguka wenyewe: "Karibu!"

"Nimekaribia, dada. Habari ya hapa?"

"Nzuri, Abdi."

"Habari ya bega?"

"Nashukuru Mungu."

"Manjit? Watoto? Habari ya siku nyingi? Mama Rukia, umenona, Ladywood inakupenda!"

"Ladywood hainijui," nikasema. "Ni dengu za hapa." Nikainuka, maana mgeni na anjera hawasimamishwi mlangoni, nikaenda kuweka chai. Niliporudi, Abdi ameegemea mlango anasimulia jinsi mashine yake ya kufulia ilivyotembea yenyewe hadi katikati ya jiko, Mama Manjit anacheka, na ubao umekamilika. Tochi ilikuwa mkononi mwake. Aliipitisha juu ya matundu huku anasema, "Halafu ikafanya nini?" Abdi alipoondoka, Mama Manjit alifunga vichwa, moja baada ya jingine, akazipanga kwenye kisanduku chake cha plastiki. Zilikuwa nzuri. Zinang'aa kama bangili za harusi.

Tulikuwa tunakula ile anjera alipoacha kutafuna. "Mama Rukia. Abdi napiga hodi, kijiko yangu ilikuwa jaa ama tupu?"

Nikafikiri. Nilimwona anageuza kichwa. Kijiko sikukiona. "Sijui."

"Mimi pia hapana jua." Akasukuma sahani.

Sasa hapa nitasema niliyoyasema, kwa kuwa yalikuwa na akili kwa wakati ule. Nilimwambia, pima kwa mizani risasi nzima, moja moja. Akasema maganda hayalingani uzito, na vichwa havilingani, na kipimo chenyewe ni kidogo mno. Mizani itakudanganya huku inakutazama. Nikamwambia, basi vunja zote, utengeneze nyingine, na Manjit asiambiwe, kwani nani ameumia? Akainuka mezani. Kisha akasema, "Kwanza navunja."

Kuvunja risasi si kazi ya sherehe. Alivaa miwani ya plastiki, mimi akanisogeza mlangoni na miwani yangu. Kuna nyundo ya plastiki iliyo tupu ndani. Unaifungia risasi kichwani mwake, unagonga chini kwenye gogo, na kichwa cha risasi kinachomoka na baruti inamwagikia humo ndani ya nyundo. Akawa anagonga, anafungua, anamwaga baruti kwenye kisahani cha mizani. Sindano inasimama palepale. Tena palepale. Kila ikisimama sawa nilipata matumaini, na kila nikipata matumaini nikaona uso wake haubadiliki. Tulikuwa tumepita nusu, nimeshaanza kusema moyoni kwamba tumejitesa bure, alipomwaga moja na sindano ikapanda, ikagonga juu, ikakaa. Vipimo viwili vilikuwa vimelala kwenye kisahani, kilima kidogo cheusi ambacho hakikuzidi kijiko cha chai. Vingetosha kuling'oa boliti na jicho lililo nyuma yake.

Hakukitupa hapohapo. Alikimwaga kwenye karatasi pembeni ya mizani, akaendelea hadi ya mwisho, akaosha mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Kisha akachukua kopo la mumewe, akaenda nalo bustanini, akainyunyiza baruti yote kwenye udongo wa mawaridi, nyembambanyembamba, kama mtu anayetia chumvi. Wapiga shabaha wa huku hufanya hivyo, mvua huifanya mbolea. Nilimwona kutoka dirishani anaongea. Si na mimi. Aliporudi ndani macho yalikuwa mekundu na sauti kavu. "Jumapili naambia Manjit."

"Atachukua bunduki, mama."

"Mimi nilipa yeye mkono."

Kesho yake tulipanda basi hadi katikati ya mji, tukatembea hadi kile kitongoji cha mafundi wa bunduki nyuma ya barabara kubwa, kwenye duka lenye kengele mlangoni, akanunua kopo jingine. Sikuuliza anunuaye baruti ya bunduki anayokwenda kunyang'anywa ana mpango gani. Nilikuwa nimejifunza kunyamaza, na siku ile niliona faida yake.

Jumapili Manjit alikuja peke yake. Nilipika pilau, wao nyama hawali kwa hiyo ya njegere, na sikusikia ladha yake. Mama yake alimwacha ashibe. Kisha akamwambia yote, hodi, mashine ya kufulia, tochi, sindano. Alisema kwa Kiswahili ili mimi nisikie kwamba haongezi wala hapunguzi. Manjit akaweka kijiko pembeni ya sahani, taratibu. Alisema, "Mama, ungekufa." Halafu akasema, "Na tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Chukua. Lakini wewe uliuliza mimi kitu, na mimi nilijibu vibaya. Njoo."

Tukaenda chumba cha nyuma wote watatu. Alichukua ganda moja tupu, lisilo na fataki, akalisimamisha kwenye ubao. Akafungua lile kopo jipya. Baruti hii ilikuwa ya vipande vipana, vyepesi, vya kujitutumua, kama maganda ya mtama. Akatia kipimo kilichoandikwa kitabuni. Ganda likajaa hadi karibu na shingo, ukaliona kwa macho yako bila tochi. Akamtazama mwanawe, akatia kipimo cha pili juu yake. Baruti ikafurika, ikamwagika kwenye ubao, kwenye matundu, kwenye meza, hadi kwenye viatu vya Manjit.

"Wewe nauliza breki ya pili," akasema. "Hii. Hata Abdi akileta ukoo wake yote, hata mimi nikiwa kipofu, mkono yangu itasikia. Mimi ilibaki na ile ya baba yako sababu ilikuwa yake. Hiyo ndiyo kosa. Si hodi."

Manjit aliinama akaanza kuokota zile chembe viatuni kwa vidole, moja moja, na mama yake hakumwambia aache. Alipoinuka aliuliza, "Na kama nasema hapana?"

"Basi hapana. Kabati iko pale."

Akaliangalia kabati. Akaiangalia picha ya baba yake. Mimi niliangalia stuli yangu. "Nakuja siku ile," akasema. "Nitasimama nyuma yako. Nikiona moja..."

"Utanyoosha mkono, na mimi nasimama. Hiyo ndiyo sheria ya huko."

Siku ya mashindano kulikuwa na ukungu mwembamba na nyasi zimelowa, na kwa kuwa benchi lingejaa wageni nilikuja na stuli yangu ya chumba cha nyuma. Waliitwa mstarini, wakalala kifudifudi, wazee kwa vijana, kila mtu na bunduki iliyomzidi umri. Manjit alikuwa hajawahi kuingia pale; alisimama nyuma ya kamba amekunja mikono, mguu wa kulia unakanyagakanyaga chini, kama yuko kwenye gari lake. Ngurumo zikaanza. Katikati ya ngurumo, puh. Nikamwona Manjit anashtuka kwa udogo wa ile sauti. Puh. Bega likasukumwa kidogo, likarudi. Risasi moja ikatoka na sauti ambayo mimi, baada ya kiangazi kizima kwenye lile benchi, sikuipenda, na kabla sijamaliza kutoipenda mkono wa Mama Manjit ulikuwa juu. Mstari wote ukasimamishwa. Alifungua boliti, msimamizi akaja, wakachungulia mtutu pamoja. Mwanga ulikuwepo. Hapakuwa na kitu. Mzee mmoja upande wa pili akashusha pumzi ya kuudhika ambayo ilisikika kote, na Mama Manjit akamgeukia, akampungia mkono kwa upole, akalala tena chini, akaendelea. Alikuwa wa mwisho kumaliza. Hakushinda; alikuwa wa kati, na karatasi yake ilikuwa na matundu yaliyokaribiana kiasi cha kufunikwa na kisahani cha chai.

Alipoinuka nikamtia mkono kwapani. Manjit akavuka kamba waliporuhusu. Nilidhani atasema neno kubwa. Wana wa kiume hupenda kuchelewa halafu waseme neno kubwa. Alisema tu, "Ulisimamisha watu wote."

"Ndiyo."

"Kwa kitu haikuwa hapo."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa juu chini, mara kadhaa, kama anavyofanya, nadhani, mwanafunzi wake akipita mtihani. Mama yake alishaitia bunduki kwenye mfuko wake na kufunga zipu. Manjit akanyoosha mkono kuipokea, maana ilikuwa nzito na mama mzee na gari liko mbali. Mama Manjit akaivuta upande wake, akaivaa begani, lile bega zima.

"Hiyo bado yangu."

"Basi mimi nibebe nini?"

"Beba stuli ya Mama Rukia," akasema, akatutangulia kwenye nyasi.